Mwalimu Pettus Hakuwa na Shule

Tusidanganyane, Lavinia Pettus alikuwa na maringo. Alipita katikati ya barabara ya vumbi ya Carrow kana kwamba ilichongwa kwa ajili yake, kofia imeinama upande, mkoba mkononi, na mtoto aliyekutana naye shati likining'inia nje alilichomeka kabla hajaambiwa. Shahada yake ya ualimu, ya chuo cha weusi cha Petersburg, ilitundikwa sebuleni juu ya picha ya baba mkwe wake. Mumewe Cephas, mkulima wa tumbaku na shemasi wa kanisa la Mlima Nebo, aliwahi kuuliza kwa upole kama marehemu baba yake hawezi kupandishwa juu kidogo. Akajibiwa kwamba marehemu hakuwahi kufanya mtihani.

Na alikuwa na haki ya kuringa. Tangu mwaka 1943 alifundisha watoto wadogo katika shule ya weusi ya wilaya yetu, chini ya paa lililovuja, kwa vitabu vilivyokwisha kuchakazwa na watoto wa Kizungu upande wa pili wa mji. Kurasa zilizokosekana alizijaza mwenyewe kwa kichwa. Waliopita mkononi mwake walijua kusoma, na hilo lilikuwa halina mjadala.

Lakini Wazungu wa Carrow hawakumwita Mwalimu. Karani wa posta alimwita Lavinia. Mwenye duka alimwita Lavinia. Wale waliojiona wastaarabu sana walimwita shangazi, na yeye hakuwa na ndugu yeyote wa kumzalia mpwa mwenye nywele za rangi ya mahindi.

Mwaka 1959 mahakama ikawaambia wakubwa wa wilaya kwamba mchezo umekwisha, watoto weusi na weupe wakae darasa moja, maana katiba inampa kila raia ulinzi ulio sawa wa sheria. Wakubwa wakafanya kikao. Wakatoka na jibu ambalo mpaka leo ukilisimulia kwa wageni wanadhani unatania: wakafunga shule zote za serikali. Zote, za weusi na za weupe, minyororo mlangoni. Kisha watoto wa Kizungu wakafunguliwa shule ya binafsi, na fedha za umma zikawasaidia wazazi wao kulipa karo, zikiwemo kodi za tumbaku ya Cephas. Watoto wetu wakaambiwa wakacheze.

Wenye ndugu Philadelphia na Baltimore waliwapeleka watoto huko. Wengi hawakuwa na ndugu wa kuwabebesha mzigo huo. Wilaya jirani ilimtaka Lavinia akafundishe kwao, naye akakataa. Alisema hawezi kuwafundisha watoto wa watu wengine huku watoto wake wanarusha mawe kwenye bwawa. Hakuwa amezaa, lakini hakuna aliyemuuliza anamaanisha watoto gani.

Ndipo Mchungaji Enos Womack alipotoa chumba cha chini ya kanisa. Wazee wa kanisa na Lavinia wakakaa na Wakili Goodloe, kijana mweusi kutoka Richmond aliyebeba kesi yetu dhidi ya wilaya, mwembamba, mpole, asiyekunywa kahawa ikiwa moto.

"Sikilizeni vizuri," akasema Goodloe. "Wakusanyeni watoto, sawa. Waimbe, washone, wacheze. Lakini isiwe shule. Isiitwe shule, isifanane na shule."

"Kwa nini?" akauliza Lavinia.

"Kwa sababu tunamwambia jaji kwamba wilaya imewanyima watoto hawa elimu. Wakionekana wanasoma, upande wa pili watasema, jamani, mbona wanasoma? Wamenyimwa nini? Makufuli yatabaki pale pale, Mama."

"Kwa hiyo unaniambia nikae na watoto kutwa nzima nisiwafundishe."

"Ndiyo, Mama."

Cephas akaangua kicheko. "Mheshimiwa Wakili, umemwona kuku? Mweke uani, mwambie asichakure. Kisha rudi jioni uangalie uani pamebaki vipi."

Lavinia alimkata jicho, lakini aliahidi. Na kwa siku za mwanzo alitimiza ahadi. Walishona. Waliimba. Walikata karatasi vipande vipande. Moyoni alikuwa anachemka kama chungu kilichofunikwa.

Kilichomshinda ni Earline Scruggs, mtoto wa miaka sita, ambaye shule ilifungwa majuma machache kabla hajaanza. Siku moja walikuwa wanaimba, na Earline alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo juu chini, anakitazama kwa makini, anafungua kurasa pale wenzake wakubwa wanapofungua. Alijua kuiga kusoma. Lavinia akakigeuza kitabu bila kusema neno. Kisha akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

Basi ndiyo ikawa hivyo. Nyimbo zikawa kitabu cha kusomea. Vifungo vya kushonea vikawa hesabu. Ubao ulitokea bila maelezo, umeegemezwa nyuma ya tanuru ya makaa iliyopasha kanisa joto, na Mchungaji Womack alipoteremka akauona, akapanda ngazi tena akisema macho yake yanaanza kuzeeka. Kina mama wa kanisa walijua. Cephas alijua, maana ndiye aliyeubeba ubao mgongoni.

"Sikusemi," akamwambia mkewe, "nakuuliza tu. Uani pamebaki vipi?"

"Nyamaza ule, Bwana Pettus."

Katika kipindi cha miaka miwili wale watoto walifika mbali. Lavinia aliwafundisha mpaka kile kifungu cha katiba ambacho kesi yetu ilikiegemea, kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu yeyote ulinzi ulio sawa wa sheria. Aliwaambia, hili ni lenu, lishikeni kichwani, maana kichwani hapafungwi kwa kufuli.

Sasa watu wetu wana desturi moja. Mgeni akiingia kanisani, haachwi akae kimya. Mgeni anasimama, anataja jina, anakaribishwa, na mtoto mmoja anasimama kumsomea maneno ya ukaribisho. Watoto wanazoezwa kusimama mbele za watu tangu hawajaota meno ya mbele, na mtoto anayemumunya maneno anaaibisha ukoo mzima. Desturi nzuri sana. Ilikaribia kutumaliza.

Mwaka 1961 Mzungu mmoja mwenye kofia ya kijivu alishuka ngazi za chumba kile, asubuhi, watoto wakiwa wamejaa. Lavinia alikuwa juu jikoni na kina mama. Aliyekuwa chini ni Dada Viney, mama wa makamo mwenye moyo mweupe, aliyevaa glavu zake nyeupe za kupokea watu hata siku za kazi.

"Karibu, karibu nyumbani mwa Bwana," akasema Dada Viney. "Jina lako nani, mgeni wetu?"

Yule Mzungu akataja jina. Hakusema kwamba ametumwa na wanasheria wa wilaya, wala hakuulizwa. Dada Viney akampigia makofi, akamtafutia kiti, akamkatia kipande cha pai ya viazi vitamu. Kisha akasema, kwa fahari ambayo hata leo siwezi kumlaumu nayo, "Earline, mwanangu, mkaribishe mgeni."

Earline akasimama. Alikuwa na miaka minane sasa. Akamkaribisha. Kwa kuwa mgeni alionekana kufurahi, akaendelea. Akasoma zaburi, kwenye kitabu, si kwa kichwa. Akapanda na jedwali la kuzidisha mpaka la kumi na mbili. Na alipoona yule mtu ametoa kalamu anaandika, akadhani anapendezwa, akammalizia na kifungu cha katiba, neno kwa neno, sauti imepanda kama ya mhubiri. Watoto wote wakapiga makofi. Mgeni naye akapiga. Akamaliza pai, akashukuru, akaondoka.

Lavinia aliposhuka na kuambiwa, alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa.

Haikupita muda akaitwa mahakamani, na walioitaka sauti yake ni upande wa wilaya. Wakili Goodloe alikuja nyumbani akakaa chini ya shahada na marehemu. Safari hii kahawa ikapoa kabisa bila kuguswa.

"Mama Pettus, nilikuomba jambo moja tu."

"Uliniomba."

"Jaji akiamini kwamba pale ni shule, kesi inaweza kufia hapo. Unaelewa? Watoto zaidi ya elfu moja."

"Nisemeje basi?"

Goodloe alitazama sakafu. "Useme ulikuwa unawaangalia. Useme walicheza, wakashika mawili matatu wenyewe. Watoto hushika."

"Mkono juu ya Biblia?"

Goodloe hakujibu, na kwa hilo Lavinia alimheshimu maisha yake yote. Wakili alipoondoka, Cephas alimsogelea mkewe akamshika bega. Hakutania. "Usiape uongo," akasema. "Na usitupoteze. Sijui utafanyaje yote mawili, mke wangu, lakini ndivyo mambo yalivyo."

Siku ya mahakama, Richmond, watu wetu walijaa viti vya nyuma. Kina mama walikuja na watoto, Earline akiwa na utepe mpya kichwani. Lavinia alivaa suti yake ya rangi ya zambarau ya Pasaka. Aliogopa, nasema wazi.

Mwanasheria wa wilaya aliitwa Randolph Sydnor, mtu mrefu, mwenye sauti laini. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akainamisha kichwa kidogo mbele ya Lavinia.

"Habari za asubuhi, Mwalimu Pettus."

Alikuwa ameishi miaka hamsini na mmoja katika jimbo lile, na hakuna Mzungu aliyewahi kumwita hivyo. Aliota kulisikia jina hilo. Alipokuwa msichana Petersburg alikuwa akijizoeza mbele ya kioo namna atakavyoitika. Na sasa limekuja, mbele ya jaji, kutoka kinywani mwa mtu ambaye alikuwa anamtafutia kamba.

"Nzuri," akasema.

"Nimesikia sifa zako, Mwalimu. Kuna mtoto wa miaka minane anayekariri kifungu cha katiba ambacho mimi mwenyewe kilinitoa jasho chuoni. Nani alimfundisha?"

"Mimi."

Wakili Goodloe akafumba macho.

"Na kusoma?"

"Mimi."

"Na hesabu?"

"Mimi. Mpaka kugawanya. Kugawanya kwa namba kubwa bado kunawapiga chenga."

Watu wakacheka kidogo. Sydnor naye akacheka, tena kwa ukarimu, kama aliyekaribishwa mezani.

"Usijishushe, Mwalimu. Watoto wale wana ubao. Wana masomo kila siku. Wana mwalimu hodari mwenye shahada, na nathubutu kusema hakuna mwalimu bora kuliko yeye wilaya nzima. Tuweke kando maneno ya mawakili. Pale si shule? Tena shule nzuri?"

Lavinia alitaka kusema ndiyo. Alilitaka neno hilo kama mtu aliyetoka kulima anavyotaka maji. Ile ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, aliifanya kando ya tanuru, bila chaki ya kutosha, na kwa mara ya kwanza mtu mkubwa alikuwa anaitambua hadharani. Akamwona Earline kule nyuma, amenyoosha shingo, uso umejaa furaha, anangoja Mwalimu wake aseme ndiyo.

"Bwana Sydnor," akasema, "umeniuliza mambo mawili ukayafunga kamba moja. Ngoja niyafungue."

"Tafadhali."

"Mwalimu, ndiyo. Mwalimu ni mimi. Mlipofunga milango nilikuwa mwalimu, na mngenitupa porini na mbuzi ningekuwa mwalimu. Hilo hamkunipa ninyi. Lakini shule si mimi. Shule ni kitu ambacho serikali inampa mtoto kwa sababu ni raia wake, si kwa sababu Lavinia Pettus amefukuzwa kazi na Mchungaji Womack ana chumba. Mimi nikishikwa na homa kesho, watoto wale hawana kitu, na hawana wa kumshtaki. Kanisa likipata msiba, tunawatoa nje. Waliokaa ng'ambo ya mto hawafiki kabisa. Mimi ninawapa kwa kupenda kwangu. Ninyi mlitakiwa mwape kwa sheria. Wema wangu usiugeuze ukawa ruhusa yako."

"Swali langu lilikuwa fupi, Mwalimu—"

"Na kama unaamini ile ni shule nzuri, una watoto, Bwana Sydnor. Walete Jumatatu. Nafasi ipo, karibu na tanuru. Wavae sweta, upande wa dirisha kuna upepo."

Chumba kililipuka. Mtu mmoja wa kwetu alisema amina kwa nguvu mpaka akatishiwa kutolewa nje. Jaji aligonga meza, akagonga tena, na wengine wanaapa kwamba alikuwa anauma mdomo asicheke. Sydnor akawa mwekundu kuanzia kwenye kola. Akakusanya karatasi zake bila kumtazama.

"Sina swali zaidi," akasema. "Unaweza kushuka, Lavinia."

Akashuka. Jina hilo hakuligeuzia hata nusu ya uso wake.

Nje, kwenye ngazi, watu wote walitaka kumkumbatia. Goodloe alimshika mikono miwili. Lakini Earline alisimama pembeni, utepe umelegea, na macho yamejaa machozi.

"Mwalimu, umesema si shule."

"Nimesema."

"Sasa mimi nilikuwa nakwenda wapi kila siku?"

Lavinia akainama, suti ya Pasaka na yote, mpaka macho yao yakalingana. "Ulikuwa unakuja kwangu. Na ulisoma, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini wewe unastahili zaidi ya kwangu. Siwezi kuwaacha wakunyime hilo eti kwa sababu nakupenda."

Sijui kama mtoto wa miaka minane anaelewa jambo kama hilo. Alimpa Mwalimu mkono, wakashuka ngazi pamoja.

Kesi ilizungushwa miaka mingine mitatu, huku makufuli yakiota kutu. Mwaka 1964 ndipo mahakama zilipomaliza ubishi: wilaya haiwezi kufunga shule ili kuwakimbia watoto weusi huku inawasomesha weupe kwa mlango wa nyuma. Katika hukumu yake jaji wetu aliandika kwamba ukarimu wa majirani hauiondolei serikali wajibu wake. Mchungaji Womack aliisoma sentensi hiyo madhabahuni mara mbili, na Lavinia akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Milango ikafunguliwa. Earline aliingia na wenziwe wa rika lake bila kuyumba. Lakini wale wa ng'ambo ya mto nao walikuja, wavulana wenye sauti nzito, wasichana warefu kuliko mwalimu wao, wasioweza kuandika majina yao. Wamo waliotazama darasa siku moja wakaona haya, wakarudi kwenye tumbaku moja kwa moja. Hilo ukilikumbuka unataka kuvunja kitu.

Lavinia alifundisha tena mpaka 1978. Siku ya kumuaga ukumbi ulijaa, weusi na weupe, mkuu mpya wa elimu amevaa tai yake bora. Mwenye shughuli alikuwa Earline mwenyewe, sasa mwalimu wa historia katika shule ile ile. Akafunua kibao cha shaba kitakachowekwa mlangoni, akakisoma kwa sauti ile ile ya zamani, kama ya mhubiri: "Mwalimu Lavinia Pettus, 1943 hadi 1978, miaka thelathini na mitano ya kufundisha bila kukatika."

Makofi. Lavinia, mzee sasa, akasimama na fimbo yake. Akangoja yaishe.

"Kizuri sana," akasema. "Lakini kimekosewa. Kirudisheni kwa fundi."

Mkuu wa elimu akacheka kwa wasiwasi. Earline akamsogelea, akanong'ona, lakini ukumbi mzima ulisikia. "Mwalimu, niliandika mimi. Makusudi. Miaka ile ulinifundisha mimi. Nimetaka ihesabiwe."

"Najua, mwanangu."

"Ni haki yako."

"Ni haki yangu. Lakini nilikula kiapo kwamba wilaya hii haikuwa na shule. Ukiandika bila kukatika, anayesoma atadhani watoto wote walisoma. Wewe ulisoma, Earline. Kaka zako wa ng'ambo ya mto walikuwa wapi?"

Earline akageuka kutazama nyuma. Kaka zake wawili, watoto wa baba yake mkubwa, walikuwa wamekaa pale viti vya mwisho, kofia mapajani. Mmoja wao aliinamisha kichwa. Mwingine akamtazama Mwalimu Pettus, akaitikia kwa kichwa, polepole.

Fundi alikifanya upya. Kipo mlangoni mpaka leo: 1943 hadi 1959, 1964 hadi 1978, na katikati hakuna neno, shaba tupu. Kila mwaka watoto wanaojifunza kusoma namba hufika hapo, wakauliza pale katikati palikuwa na nini. Mwalimu wa zamu hawezi kuwapitisha mlango mpaka awaambie.